Nani Mwenye Injini? Hoja ya Leseni katika Utengenezaji wa Gemu za Kujitegemea



Kijana anayeamua kutengeneza gemu yake ya kwanza hukutana na swali moja kabla ya mengine yote: atumie injini gani? Injini ndiyo programu inayobeba kazi ambazo kila gemu inazihitaji ingawa mchezaji hazioni. Huchora picha kwenye skrini mara 60 kwa sekunde, husoma kidole kinachogusa kioo, hucheza sauti, hujua kwamba vitu viwili vimegongana, na mwishowe huifunga kazi nzima iwe faili moja ya kusakinisha kwenye simu au kompyuta. Zamani studio nyingi zilijiandikia injini zao. Leo karibu kila anayejitegemea huchukua iliyo tayari, na mjadala wa kuchagua huendeshwa kwa vigezo viwili: inaweza kufanya nini, na inagharimu kiasi gani. Ninachodai hapa ni kwamba vigezo hivyo vyote viwili vinapaswa kuja nyuma ya cha tatu, ambacho wengi hukisoma mwisho au hawakisomi kabisa, nacho ni leseni. Swali la kwanza liwe hili: nani ana uwezo wa kubadilisha masharti baada ya mimi kumaliza miaka mitatu ya kazi juu ya chombo hiki? Kwa mtu asiye na mtaji wala mwanasheria, jibu la swali hilo linamwelekeza kwenye injini huria, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi na leseni yake inamruhusu kila mtu kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza bila kurudi kuomba ruhusa kwa yeyote.

Ushahidi wa kwanza ni wa juzi tu. Tarehe 12 Septemba 2023 kampuni ya Unity, ambayo injini yake ilikuwa imebeba sehemu kubwa ya gemu za simu duniani, ilitangaza ada mpya. Kuanzia tarehe 1 Januari 2024, mtengenezaji mwenye leseni ya chini, ile isiyolipiwa, angedaiwa senti 20 za dola kwa kila usakinishaji katika nchi tajiri, na kidogo zaidi kwingine, pindi gemu yake ikishaingiza dola 200,000 ndani ya miezi 12 na kusakinishwa mara 200,000 tangu itoke. Gemu zilizotoka zamani hazikuachwa nje. Kila aliyezisakinisha baada ya tarehe hiyo naye angehesabiwa. Tupige hesabu kwa mfano wa kubuni. Gemu ya simu isiyouzwa, inayoishi kwa matangazo, imekwisha kuvuka viwango vyote viwili. Mwaka unaofuata inasakinishwa na watu 1,000,000 katika nchi hizo tajiri na kuingiza dola 210,000, wastani wa senti 21 kwa kila mtu. Ada ni dola 200,000. Zinabaki dola 10,000 za kumlipa mchoraji, mtunzi wa muziki, seva na kodi. Na tazama msingi wa ada yenyewe: haikukatwa kutoka kwenye mauzo, bali kwenye usakinishaji. Kadiri gemu inavyopendwa na watu wasio na fedha, ndivyo mwenyewe anavyozidi kudaiwa. Mtengenezaji ambaye wachezaji wake wengi hawanunui chochote ndani ya gemu ndiye ambaye hesabu hiyo ingemuumiza kuliko mwenzake anayeuza kila nakala.

Ghadhabu ilikuwa kubwa, na haikuishia kwenye maneno. Mega Crit, studio ndogo ya Marekani iliyotengeneza Slay the Spire, ilikuwa na zaidi ya miaka miwili ya kazi ndani ya Unity kwa ajili ya gemu yake iliyofuata. Ilitangaza hadharani kwamba itahama iwapo ada haitaondolewa na kinga dhidi ya kubadilishiwa masharti haitawekwa. Ikahama kweli, na Slay the Spire 2 ikajengwa upya juu ya Godot, injini huria. Re-Logic, waliotengeneza Terraria, waliipa Godot dola 100,000 na mradi mwingine huria, FNA, dola 100,000 nyingine, pamoja na ahadi ya dola 1,000 kila mwezi kwa kila mradi, ingawa Terraria yenyewe haikuzaliwa ndani ya Unity. Tarehe 22 Septemba Unity ililegeza masharti na kuwaondoa wenye leseni isiyolipiwa. Tarehe 9 Oktoba ilitangazwa kwamba mkuu wake, John Riccitiello, anaondoka. Mwaka mmoja kamili baada ya tangazo la kwanza, tarehe 12 Septemba 2024, ada ilifutwa kabisa.

Hapo wapo watakaosema: basi mambo yamekwisha, kampuni imesikia, tusonge mbele. Siafiki, na sababu yangu haitokani na chuki kwa kampuni hiyo, ambayo imefungulia watu wengi mlango wa kazi hii. Mwaka 2019, baada ya mgogoro na kampuni iitwayo Improbable, Unity ilikuwa imekwisha kutoa ahadi kwamba anayebaki na toleo fulani la injini ataruhusiwa kubaki na masharti ya toleo hilo. Watu waliijenga miaka yao juu ya ahadi hiyo. Miaka minne baadaye ikaja ada iliyogusa hata gemu zilizokwisha kutoka. Kilichofutwa mwaka 2024 ni ada. Uwezo wa kuitangaza haukufutwa, nao umebaki palepale ulipokuwa. Kampuni yenye hisa sokoni na hasara ya mwaka hadi mwaka itatafuta fedha pale ilipo na mamlaka, na mamlaka hayo yametoka kwenye saini ya mtengenezaji aliyebofya kukubali masharti bila kuyasoma. Anayejenga nyumba ya matofali kwenye kiwanja cha kupanga hawezi kumlaumu sana mwenye kiwanja kwa kupandisha kodi. Angepaswa kuuliza habari za hati kabla ya kuchimba msingi.

Tena si lazima mwenye injini awe na tamaa ndipo uumie. Anaweza kuchoka tu. Mwaka 2006 Microsoft walitoa XNA, zana zilizowawezesha watu binafsi kutengeneza gemu za Windows na Xbox kwa lugha ya C#. Zilipendwa sana, na hazikuwa na gharama kubwa. Mwaka 2013 ikajulikana kwamba hakutakuwa na toleo jipya. Wakati huo Eric Barone alikuwa katikati ya kuijenga Stardew Valley peke yake, kazi iliyomchukua zaidi ya miaka minne, na alikuwa akiijenga juu ya XNA. Gemu ilitoka Februari 2016 ikiwa juu ya zana ambazo Microsoft walikuwa wamekwisha kuzitelekeza. Kilichomwokoa yeye na wengine wengi ni kwamba watu wa kujitolea walikuwa wamekwisha kuandika MonoGame, mradi huria unaoiga amri zilezile za XNA na kuzipeleka kwenye mashine ambazo Microsoft hawakuwahi kuzifikiria. Mwaka 2021 toleo la kompyuta la Stardew Valley lilihamishiwa rasmi kwenye MonoGame. Gemu hiyo imeuza zaidi ya nakala milioni 40, na inaendelea kuongezewa mambo mapya, zaidi ya miaka kumi tangu msingi wake wa kwanza ulipoachwa.

Linganisha na Flash, programu ya kampuni ya Adobe. Maelfu kwa maelfu ya gemu ndogo za vivinjari zilitengenezwa humo, na vijana wengi wa kizazi kilichokulia kwenye vibanda vya intaneti walizicheza. Adobe walitangaza Julai 2017 kwamba wataifunga mwisho wa mwaka 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu yao ikakataa hata kuonyesha kazi za zamani zilizokuwa zimehifadhiwa. Hapa napo waliokuja kuokoa ni wa programu huria: mradi wa Ruffle unaandika upya, kipande kwa kipande, uwezo wa kusoma faili za Flash. Lakini sehemu ya kazi hiyo inafanywa kwa kubahatisha namna chombo cha awali kilivyofanya kazi ndani, kwa sababu msimbo wake kamili haukuwahi kutolewa. Gemu nyingi zitarudi. Nyingine waandishi wake wamekwisha kupoteza hata faili za awali, na hazitarudi. Gemu huishi muda mrefu kuliko mipango ya biashara ya waliouza zana zake, na anayechagua injini anachagua pia nani atakuwa na uwezo wa kuifufua miaka 15 baadaye.

Sasa, injini huria inatoa nini hasa? Nitaichukua Godot kwa sababu ndiyo iliyokomaa kuliko nyingine miongoni mwa zinazofanya kazi za kila aina. Ilianzishwa Argentina na Juan Linietsky na Ariel Manzur, wakaitumia ndani ya kazi zao kwa miaka, na Februari 2014 wakaufungua msimbo wake wote chini ya leseni ya MIT. Leseni hiyo ina maneno yasiyofika 200 na mtu anaweza kuisoma akiwa amesimama. Inakuruhusu kutumia, kunakili, kubadilisha, kusambaza na kuuza. Inakutaka jambo moja tu, uendelee kuweka tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni hiyo, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye ukurasa wa shukrani wa gemu. Huna mrabaha wa kulipa, hakuna kiwango cha mapato kinachoamsha deni, na gemu ni yako yote. Toleo ulilopakua leo linabaki na ruhusa yake. Waandishi wakiamua kesho kubadilisha leseni ya matoleo yajayo, hilo lililoko mkononi mwako haliguswi, na yeyote atakayetaka anaweza kuliendeleza. Mradi unasimamiwa na taasisi isiyo ya faida iliyosajiliwa Uholanzi na huishi kwa michango.

Inafaa kutenganisha jambo hili na mengine yanayofanana nalo kwa nje. Unreal ya kampuni ya Epic inakuonyesha msimbo wake ukijisajili, lakini kuonyeshwa si kuruhusiwa: huwezi kuusambaza upendavyo, na mapato ya gemu yanayozidi dola 1,000,000 kwa kawaida hudaiwa mrabaha wa asilimia 5. Hayo ni masharti ya wazi, na si mabaya kwa kampuni yenye wahasibu, ila bado ni ya mwenye mali. Defold, injini nyepesi iliyotoka mikononi mwa kampuni ya King na kukabidhiwa taasisi mwaka 2020, iko katikati: msimbo uko wazi na gemu ni yako, ila huruhusiwi kuiuza injini yenyewe. Kwa mtengenezaji gemu wa kawaida kizuizi hicho hakiumi. Vilevile ipo leseni ya GPL, ambayo inamtaka anayesambaza programu iliyojengwa juu yake autoe na msimbo wake kwa masharti yaleyale; injini ya Quake ilitolewa hivyo mwaka 1999. Ni leseni ninayoiheshimu, lakini anayepanga kuuza gemu bila kutoa msimbo wake ajue mapema kwamba haimfai.

Faida ya leseni haiishii mahakamani, inaonekana mezani. Kwa sababu hakuna anayelazimishwa kupitia duka la mwenye mali, Godot hupakuliwa kama faili moja iliyobanwa isiyofika megabaiti 100, hufunguliwa bila kusakinishwa, bila akaunti na bila intaneti kuwashwa. Injini kubwa za kibiashara hudai gigabaiti kadhaa kabla hujachora hata mraba. Anayenunua bando la wiki anaielewa tofauti hiyo bila kufundishwa. Kweli, siku ya kuifunga gemu kwa ajili ya Android itabidi uongeze violezo vya kusafirisha, karibu gigabaiti moja, pamoja na zana za Google. Lakini hiyo ni siku ya mwisho, na wakati huo umekwisha kujua kama gemu yako inachezeka. Kompyuta za mitumba zisizo na kadi nzuri ya michoro zinahudumiwa na njia nyepesi ya uchoraji iliyowekwa makusudi. Na tangu mwaka 2022 kihariri chenyewe kinafanya kazi kwenye Android, kwa hiyo mwenye simu janja au tableti pekee anaweza kuandika, kujaribu na kurekebisha. Sioni kampuni iliyokuwa na sababu ya kibiashara ya kuanza na mtu huyo.

Tuisogelee kazi yenyewe kidogo, kwa mchezo tunaoujua sote. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita zikiwa nyumbani, na 22 za kunamua. Katika Godot ubao utakuwa nodi moja, yaani kipande kimoja cha gemu, yenye nodi 32 ndani yake, moja kwa kila shimo. Shimo likiguswa hutoa ishara, na ishara hiyo hupokelewa na skripti ya kanuni. Skripti hiyo ndiyo roho ya gemu: ina orodha ya namba 32 tu, pamoja na maagizo yanayoamua lini mchezaji analazimika kula na lini anatakata, lini anaweza kulala nyumbani na lini anasafiri, na kete zilizoliwa zinaanzia kichwa cha upande gani. Hakuna mstari hata mmoja humo unaohitaji kujua skrini ina upana gani. Mpangilio wa nodi nao huhifadhiwa kama maandishi ya kawaida, ambayo hata programu ya Notepad inayafungua. Picha zinabaki kuwa PNG, sauti OGG. Ukitaka kuona kwa nini kete inaruka shimo la kimbi wakati wa mashindano, unaweza kufuata kosa kutoka kwenye skripti yako hadi ndani ya injini, mstari kwa mstari, kwa kuwa hakuna mlango uliofungwa njiani. Pengine hutahitaji kufanya hivyo hata mara moja. Lakini atakayekuja kulihifadhi bao hilo baada yako atahitaji.

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote limo katika methali yetu wenyewe: rahisi ghali. Chombo kisicholipiwa kitakuwa hafifu, na gharama itajitokeza mbele. Jibu liko kwenye gemu zilizouzwa. Brotato, Dome Keeper, Cassette Beasts na Buckshot Roulette zimetengenezwa kwa Godot na timu ndogo, nyingine za mtu mmoja. Balatro, iliyotikisa mwaka 2024, imejengwa juu ya LÖVE, mradi huria mwepesi wa lugha ya Lua usio hata na kihariri. Doki Doki Literature Club imejengwa kwa Ren'Py, injini huria iliyoanza 2004 kwa ajili ya hadithi za kusoma na kuchagua, na mtu anayetaka kuandika hadithi ya namna hiyo kwa Kiswahili asipoteze muda kwingine. Ni kweli kwamba kwa dunia kubwa za pande tatu zenye mwanga unaokaribia sinema, Unreal iko mbele kwa mbali, na sitajifanya vinginevyo. Ila dunia za namna hiyo hutengenezwa na mamia ya watu. Anayejitegemea hashindwi na mwanga. Hushindwa na muda.

Ushahidi ulio mgumu zaidi kwa hoja yangu ni Vampire Survivors. Luca Galante aliianza kwa Phaser, zana huria ya gemu za vivinjari, na baada ya gemu kupata wachezaji wengi kupita matarajio, ikaelemewa. Mwaka 2023 toleo la kompyuta likahamishiwa Unity ili liende kasi. Hapa injini huria ilizidiwa na ya kibiashara ikatoa msaada. Nakubali. Naomba tu tuangalie mpangilio wa matukio. Gemu ilizaliwa, ikajaribiwa, ikauzwa na kumtoa mwenyewe kwenye shida akiwa na chombo kisichomdai kitu, kisha akahama kwa wakati alioupanga yeye, akiwa na fedha za kulipia uhamaji huo. Mega Crit walihama kwa kusukumwa. Tofauti kati ya uhamaji wa aina hizo mbili ndiyo ninayoitetea.

Pingamizi la pili ni la hesabu: wangapi kati yetu watafikisha dola 200,000? Kama ada haitanigusa, leseni inanihusu nini? Pingamizi hili lina nguvu, kwani gemu nyingi haziingizi hata elfu moja. Lakini kiwango nacho ni sehemu ya masharti, na aliyekiweka anaweza kukishusha. Isitoshe, hatari haikuwa ada peke yake. XNA haikumdai mtu ada, ilikoma. Anayeanza leo anapanga kazi itakayotoka miaka mitatu ijayo na kuuzwa kwa miaka kumi baada ya hapo, na mapato madogo ndiyo yanayomfanya asiweze kumudu kuijenga upya. Studio kubwa ikikosana na mwenye injini huketi naye mezani. Mdogo hupokea barua pepe.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliona zito kuliko yote: miradi huria nayo hufa, na haina wa kumshtaki. Ni kweli. Blender, programu huria ya kuchora, ilikuwa na injini yake ya gemu ndani, watu waliitumia, na mwaka 2019 toleo la 2.80 likaja bila hiyo. Godot yenyewe ilipotoka toleo la 3 kwenda la 4, Machi 2023, ilivunja mambo mengi kiasi kwamba miradi mikubwa ya zamani haikufunguka bila wiki za marekebisho. Mwaka 2024 kukawa na ugomvi wa kijamii ndani yake, na baadhi ya watu wakajitenga wakaanzisha Redot. Haya yote yanatokea, na anayekuja kwenye programu huria akitarajia utulivu wa benki atavunjika moyo. Lakini tazama kilichofuata kila mara. Injini ya gemu ya Blender ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na waliokuwa wakiipenda na inaendelea kwa jina la UPBGE. Waliobaki kwenye Godot 3 hawakutupwa. Toleo la 3.6 lilitoka Septemba 2024, mwaka mmoja na nusu baada ya la 4.0. Waliojitenga walijitenga wakiwa na msimbo wote, bila kesi, na wenye gemu hawakupoteza kitu. Kushtaki nako tusikupe uzito usiostahili: waliobofya masharti ya kampuni kubwa hawakushtaki mwaka 2023, walipiga kelele, na kelele zao zilisikika kwa kuwa walikuwa wengi na maarufu.

Blender yenyewe, kama programu ya kuchora pande tatu, ndiyo mfano mkubwa wa kinachowezekana. Kampuni iliyokuwa ikiimiliki ilianguka mwaka 2002. Ton Roosendaal, aliyeianzisha, akafikia makubaliano na wenye mali: msimbo ungefunguliwa kwa euro 100,000. Zilipatikana kwa michango ya watu ndani ya wiki saba. Programu ambayo ingekufa kwenye kabati la wadai ndiyo iliyotumika kutengeneza Flow, filamu ya Gints Zilbalodis wa Latvia, iliyoshinda Oscar ya filamu ya katuni mwaka 2025. Pesa zilihitajika, na zitaendelea kuhitajika. Asiyelipa leseni anaweza kuchangia kidogo gemu yake ikianza kuuza, au kutoa kazi yake. Maelezo ya Godot yameandikwa na kutafsiriwa na watumiaji, na anayeandika somo zuri la Kiswahili juu ya nodi na ishara atakuwa amewafaa wanafunzi wengi bila kuomba kibali.

Walimu wa vyuo wana pingamizi lao, la ajira: matangazo ya kazi yanataja Unity na Unreal, kwa hiyo kumfundisha mwanafunzi Godot ni kumnyima mkate. Nadhani linachanganya jina la zana na ujuzi. Vekta, migongano, hali za mhusika, mpangilio wa kumbukumbu, namna ya kugawanya kanuni na maonyesho: hayo hayabadiliki mtu akihama, na Godot inakubali C#, lugha ileile ya Unity. Tena mwanafunzi wa injini huria anaweza kufungua msimbo wa uchoraji au wa fizikia na kuona unavyofanya kazi, jambo ambalo hakuna mwajiri atakayelihesabu kuwa hasara. Ningependa chuo kifundishe mwaka wa kwanza kwa injini huria na muhula mmoja wa mwisho kwa ile inayotajwa kwenye matangazo ya kazi, pamoja na saa chache za kusoma leseni zote mbili darasani, kifungu kwa kifungu.

Yapo mazingira ambayo ushauri wangu haufiki, na ni haki kuyataja. PlayStation, Xbox na Nintendo Switch huhitaji zana za siri ambazo mradi wa msimbo wazi hauruhusiwi kuzichapisha; gemu ya Godot hufika huko kupitia kampuni za kuhamisha, mojawapo ikiwa W4 Games ya baadhi ya viongozi wa Godot wenyewe, na huduma hiyo hulipiwa. Mtandao wa matangazo wa Google hutoa kifurushi rasmi kwa Unity, wakati kwa Godot utategemea kilichoandikwa na watu wa kujitolea, ambacho huenda kikachelewa masharti ya duka yanapobadilika. Malipo kama M-Pesa nje ya duka la Google hayana tatizo hilo, maana ni maombi ya kawaida ya mtandao ambayo injini yoyote inayatuma, mradi funguo zikae kwenye seva yako na si ndani ya gemu. Kwa hiyo aliyepata mchapishaji anayetaka gemu ya konsoli kwa tarehe maalumu, au anayeishi kwa matangazo ya simu peke yake, anaweza kuwa na sababu njema ya kutia saini kwa kampuni. Huyo ningemshauri mambo matatu ya kawaida kabisa: apige nakala ya masharti siku anayoyakubali na kuihifadhi pamoja na tarehe, abaki kwenye toleo moja la injini hadi gemu itoke, na aziandike kanuni za mchezo wake, kama zile namba 32 za bao, katika faili zisizoijua injini hata kwa jina.